Chini ya Gari, Ukweni

Mimi kazi yangu ni kutibu ng'ombe, na mtu wa kazi hii hashangai ovyo. Nimeingiza mkono hadi begani kumgeuza ndama aliyekuja kinyume. Nimepigwa teke nikaona nyota mchana kweupe. Nimeitwa kumtibu fahali, nikafika nikakuta wameshamchinja na wananikaribisha supu. Ukinisimulia jambo la ajabu nitakuuliza tu, "Halafu?" Lakini kuna Jumamosi moja kule Sori, kando ya ziwa, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kichwa.

Ilikuwa wiki ya makambi. Sisi Wasabato kila mwaka tunakusanyika uwanjani kwa ibada ya siku nyingi: mahema, kwaya kutoka kila kona, watoto kwenye mikeka, wazee kwenye viti vya plastiki. Mwaka huo makambi yalikuwa kwenye uwanja wa shule huko Sori. Mimi nakaa Suna, mjini Migori, na nilikuwa nimeenda na gari langu dogo la Kijapani, buti limejaa dawa, kwa sababu ng'ombe hawajui Sabato.

Kufika katikati ya asubuhi stima ikapotea, na makambi bila kipaza sauti si makambi. Shemasi mmoja akanijia kwa unyenyekevu wote, mikono nyuma. "Ndugu," akasema, "gari yako ndiyo iko karibu." Kila mwaka ni langu ndilo liko karibu! Wakafungua boneti, wakaunga nyaya zao, na betri yangu ikaanza kuimba sauti zote nne. Nilijua ile betri ni kuukuu, imeshakula chumvi nyingi. Nikanyamaza, maana utamwambia nini mtu anayeomba umeme wa kumsifu Mungu?

Kwaya ya tatu ilikuwa imesimama simu ilipotetemeka mfukoni. Nikatazama jina, nikatoka mbio nje ya hema. Alikuwa mama mkwe wangu.

Lazima nieleze kwanza, maana asiyejua ataona haya yote ni kichekesho. Mimi ni Mkuria. Mke wangu alikuwa Mjaluo wa hapo hapo Sori, na mimi na mama yake tunaelewana kwa Kiswahili, kila mmoja na makosa yake. Katika mambo mengi Wakuria na Wajaluo hatufanani, lakini kuhusu mama mkwe tunakubaliana: ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Hukai naye benchi moja. Huingii jikoni kwake, sembuse chumbani. Hujinyooshi chini kwenye boma lake hata ukiwa umechoka namna gani. Yeye akiongea nami alikaa upande wa mlango, ameelekeza uso kwa kuku, na maneno yangu nami niliyaelekeza kwa hao hao kuku. Miaka yote ya ndoa yangu ilikuwa hivyo, na tulipendana sana.

Kisha mke wangu akafariki. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Kilichobaki kati ya boma lile na mimi ni ng'ombe wa mahari, nao wakapungua mmoja mmoja. Mmoja alichinjwa matangani, wengine wakaenda na ugonjwa, mwingine akamezwa na shida ambazo kila nyumba inazo. Akabaki mmoja, jike chotara, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Ng'ombe huyo mke wangu alimchagua mwenyewe mnadani, akamkagua mdomo na kiwele mpaka muuzaji akaniuliza kama daktari ni mimi au ni yeye. Mama mkwe alimpenda yule ng'ombe kupita kiasi. Kila nilipopita kumsalimia, alimfungua amlete mbele yangu nimwone.

"Orwa," akasema kwenye simu. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita mkwe wao. "Ng'ombe imeanguka. Imezaa jana vizuri, leo imelala, haitaki kuamka."

"Shingo imekaaje?"

"Imegeuza kwa mbavu. Ni kama inasikiza tumbo yake."

"Gusa masikio."

Nikasikia akitembea, akihema. "Uwi! Ni baridi kama ya maiti."

Hapo nilijua ninachokwenda kukuta. Tunaiita homa ya maziwa, ingawa haina joto lolote. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, maziwa yanashuka kwa nguvu na kunyonya kalsiamu yote kwenye damu. Miguu inalegea, halafu shingo, halafu tumbo linasimama kazi, na mwisho wa yote ni moyo. Dawa yake ni chupa moja ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo. Ukiwahi, anaishi. Ukichelewa, unakuta ngozi ya kuuza.

Nikang'oa nyaya za kwaya huku kipaza sauti kikikatika katikati ya "Haleluya". Gari likakohoa, likagoma. Mashemasi wakalisukuma wamevaa suti zao, likawaka, nikaondoka kwa vumbi bila hata kuwaaga. Boma la mama mkwe haliko mbali na ule uwanja. Barabara ilikuwa tupu, maana watu wote wa pale walikuwa makambini. Yeye ni Mkatoliki, siku yake ni Jumapili, ndiyo sababu alikuwa nyumbani peke yake na ng'ombe wake.

Kwenye mteremko wa kuingilia bomani, gurudumu la mbele likapanda tuta dogo la udongo na gari likazima. Nikavuta breki ya mkono, nikaruka nje kwenda kumwona mgonjwa, na kidole changu, kwa mazoea ya kuishi mjini, kikabonyeza rimoti. Gari likafunga milango kwa sauti dhaifu, klk. Ndiyo ilikuwa pumzi yake ya mwisho.

Ng'ombe alikuwa amelala nyuma ya nyumba, ndama wake akimzunguka na kumsukuma kwa pua. Macho yake yalikuwa makavu. Nikaweka sikio kifuani, nikausikia moyo mbali sana, unakimbia lakini haupigi. Nikasema, "Mama, tumewahi, naleta dawa sasa hivi."

Nikarudi kwenye gari, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, nikaikung'uta, nikaipuliza. Wapi! Betri ilikuwa imekufa kabisa. Ufunguo wenyewe haukunisaidia, kwa sababu mlango wa dereva si wa gari lile. Wa kwanza uligongwa na ng'ombe, sitanii, nikanunua mwingine kwa mafundi wa jua kali, na kitasa chake hakijuani na ufunguo wangu; milango mingine haina hata tundu la ufunguo. Buti na boneti navyo hufunguliwa kwa vishikizo vya ndani. Nikachungulia kwenye kioo, nikauona mkoba wangu kwenye kiti cha nyuma, na chupa ya kalsiamu imetokeza kichwa. Simu yangu ilikuwa kando yake.

Nikaokota jiwe.

"Orwa!" Sauti ilitoka nyuma yangu, kali. "Weka chini."

"Mama, ng'ombe anakufa!"

"Naona inakufa. Na mkwe akivunja kitu ukweni ni neno. Hiyo neno haiishi kwa siku moja. Utavunja kioo hapa, ng'ombe itapona, halafu mimi nitabaki nikingoja kitu ingine mbaya iingie kwa hii boma. Hii boma imezika ya kutosha."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilitaka kumwambia kwamba siamini hayo mambo, kwamba kioo ni kioo. Lakini nilimtazama, kwa mbali kama kawaida, nikalishusha jiwe. Nikamwambia, "Najaribu jambo moja. Likishindikana, navunja, na neno liwe juu yangu." Akatikisa kichwa kukubali, uso kwa kuku.

Jambo lenyewe nililijua kwa bahati. Zamani tuliwahi kukwama Rodi Kopany, mke wangu na mimi tukienda Homa Bay, na fundi wa pale aliingia chini ya gari na nyaya mbili, gari likaamka. Mimi nilikuwa nimenuna kivulini. Mke wangu, ambaye hakuweza kuona kitu bila kukiuliza, alichuchumaa akamwuliza yule fundi kila hatua, na njia nzima hadi Homa Bay alinieleza huku nikijifanya sisikii. Waya mnene wa betri, alisema, unashuka hadi kwenye stata, ile mota ya kuwashia gari, na stata inafikika kwa chini. Ukilipatia gari umeme pale, ni sawa na kuipa betri yenyewe. Nikiwa nimesimama na rimoti mfu mkononi, nilimsikia akinieleza upya, neno kwa neno.

"Mama, ile betri ya sola bado unayo?"

Alikuwa nayo, ya kuwasha taa na kuchaji simu, lakini ilikaa chumbani kwake. Nikapiga hatua kuelekea mlangoni, kwa kujisahau. "Simama hapo hapo!" akasema. Akaingia mwenyewe. Nilisikia vitu vikianguka, nikamsikia akiguna, na akatoka ameikumbatia ile betri kifuani kama mtoto mnene. Akarudi ndani na panga, akazikata nyaya za taa ukutani bila kuzionea huruma. Zilikuwa fupi. Fupi sana! Ili zifike kwenye stata, ilibidi betri yenyewe iingie chini ya gari.

Nikavua koti la Sabato, nikatia jiwe lile lile chini ya gurudumu la nyuma, nikajilaza chali kwenye vumbi la ukweni. Hilo pekee lingetosha kuitisha kikao. Nikajisogeza, nikaiona stata, nikauvua ule mpira unaofunika kichwa cha waya. Mkono mmoja ushike waya chanya pale, mwingine ushike hasi kwenye nati ya injini. Sawa. Na ncha za upande wa betri, ambazo hazikuwa na vibanio, nani azishike?

Nilijua jibu na nilijua siwezi kulitamka.

"Unangoja nini?" akauliza kutoka juu.

"Mama, nyaya zinahitaji mtu wa pili. Huku chini."

Kule nyuma ya nyumba ndama akalia. Ghafla nikaona magoti yake yanashuka kwenye udongo, kisha kiwiko, kisha kitambaa cha kichwa, na mama mkwe wangu, mjane mzima, mtu wa Chama cha Akina Mama parokiani, akaingia chini ya gari kwa ubavu akijisukuma kwa visigino.

"Mama," nikasema, nikiangalia injini tu, "na hili si neno?"

"Chini ya gari?" akasema. "Wazee hawajawahi kuweka sheria ya chini ya gari. Nipe hiyo waya."

Nikampa. Akauliza, "Itaniua?" Nikamwambia haiui, ni ndogo, ila inaweza kuunguza kidogo. Akasema basi, akabana ncha zote mbili kwenye betri kwa viganja vyake. Mikono yangu ilikuwa imejaa, kwa hiyo rimoti nikaiweka mdomoni. Cheche ikaruka kwenye stata, nikashtuka, nikapoteza ile nati. Nikaitafuta tena. Nyaya zikaanza kupata moto, nikanusa plastiki inayoungua.

"Shika, mama, usiachie."

"Naachia kwani mimi ni mtoto?"

Na hapo nikageuza kichwa kuona kama nyaya zimekaa. Uso wake ulikuwa pale, shibiri moja kutoka kwangu. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wa mama mkwe wangu mzima, kwa mbele, kwa karibu. Nyusi zilikuwa zile zile. Kile kikunjo kidogo katikati yake, ambacho mke wangu alikuwa nacho akikazania jambo, kilikuwa pale pale, na midomo ilikuwa imebanwa vile vile. Mungu wangu! Nilisahau ng'ombe. Nilidhani ile sura niliizika, kumbe imekuwa hapa Sori muda wote huo, ikitazama kuku. Yeye alikuwa akisali Salamu Maria kwa Kijaluo, haraka haraka, macho amefumba. Machozi yakanitoka yakaingia masikioni, na nisingeweza kuyapangusa.

Nikauma rimoti.

Klak! Milango yote kwa pamoja, juu ya vichwa vyetu. Mama mkwe akapiga kigelegele kule chini mpaka masikio yakaziba.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka mlango ukifunguka, mkoba mkononi, na mimi nikikimbia nikichechemea. Ng'ombe alikuwa amelaza kichwa chini kabisa sasa, ulimi nje. Nikamwambia mama mkwe akiinue kichwa, akakikalisha mapajani. Nikaupata mshipa, sindano ikaingia, nikainua chupa. Kalsiamu haitaki haraka. Ukiimimina upesi unausimamisha moyo kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo nikaiacha ishuke polepole, sikio langu kifuani pake, nikisikiliza, na mama mkwe akinisikiliza mimi nikisikiliza.

Kazi hii nimeifanya mara nyingi, na bado kila mara nasubiri nikiamini haitatokea. Mara nikasikia pigo moja lenye uzito, ndani kule, kama mtu anayebisha hodi. Likafuata lingine. Misuli ya mapaja ikaanza kucheza yenyewe chini ya ngozi, mawimbi madogo madogo yakitembea kutoka nyuma kuja begani. Pua iliyokuwa kavu ikatoa matone ya jasho. Kisha akacheua, mcheuo mrefu, mchafu, wa mtu aliyeshiba, na mama mkwe akasema "Nyasaye!" kwa sauti ya chini, ambalo ni jina la Mungu kwao.

Chupa ilikuwa haijaisha alipovuta kichwa chake mapajani, akakiweka wima mwenyewe. Masikio yakageuka kumtafuta ndama. Nilipochomoa sindano, akakusanya miguu ya nyuma, akanyanyua makalio, akayumba, tukashikilia pumzi, na akasimama. Ng'ombe aliyekuwa maiti akasimama juani, akajikung'uta vumbi, akakojoa mkojo mrefu usioisha, na ndama akaingia chini yake akaanza kunyonya. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, na sikuwa na haraka ya kuinuka. Ni maji tu na chumvi ya madini kwenye chupa. Nimesoma vitabuni jinsi inavyofanya kazi, ninaweza kukueleza yote, na bado sijui ni kitu gani kile nilichokiona kikirudi ndani ya yule mnyama.

Mama mkwe hakuinuka pia. Alikaa pale pale chini, kando yangu, grisi mashavuni, vidole viwili vimevimba malengelenge. Nikangoja acheke. Badala yake akaanza kulia, kilio kikubwa cha wazi, bila kujifunika.

"Mama, amepona," nikasema.

"Naona."

"Atakunywa maji sasa, na jioni atakula. Usimkamue mpaka mwisho, umwachie kidogo kiweleni. Sasa unalia nini?"

Akapangusa uso kwa kitambaa, akauchafua zaidi. Alikuwa akinitazama mimi, siyo kuku.

"Tangu asubuhi nimekuwa najiuliza," akasema. "Nimeomba nikijiuliza, nimeshika waya nikijiuliza. Mtoto wangu hayuko. Mjukuu hakuniachia. Hii ikikufa, orwa, wewe utakuwa unakuja hapa kufanya nini?"

Na mimi nilikuwa nikija kila mara na kusingizia chanjo, dawa ya kupe, kukagua kwato, nikidhani ni mimi tu ninayetafuta sababu.

"Nitakuja, mama," nikasema.

"Lini?"

"Kesho."